Laptopu kuchukua nafasi ya kompyuta ya mezani: mambo ya kujua kabla hujanunua

Ukipita mitaa ya Tunduma iliyo karibu na mpaka wa Nakonde, utakuta steshenari, ofisi za mawakala wa forodha na vibanda vya huduma za mtandaoni vimepangana. Kazi zao zinafanana: kuchapa barua, kutoa fotokopi, kujaza maombi ya ajira na ya mkopo wa elimu ya juu, kuandaa karatasi za mzigo unaovuka kwenda Zambia au Kongo. Huko Mbozi, Ileje, Momba na Wilaya ya Songwe nako, ofisi za shule na vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, vinazidi kutunza kumbukumbu kwenye kompyuta.

Mtu anayeanza kazi ya namna hii hujiuliza: ninunue kompyuta ya mezani, au ninunue kompyuta mpakato, ile tunayoiita laptopu, ifanye kazi zote? Jibu letu kwa kifupi ni kwamba laptopu inaweza, na mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara ndiyo inayofaa zaidi. Lakini kuna masharti mawili. Kwanza, ikae mezani na itunzwe kama kompyuta ya mezani. Pili, kumbukumbu zako zisikae ndani yake peke yake.

Tofauti ya umeme

Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika inazima papo hapo, na kazi ambayo hukuihifadhi inapotea. Wakati mwingine hata faili lililokuwa wazi linaharibika. Ndiyo maana wengi hununua na UPS, kifaa chenye betri kinachokupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima salama. Laptopu inayo betri yake ndani, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea kuchapa.

Matumizi nayo yanatofautiana. Tuchukue kompyuta ya mezani na kioo chake vinavyotumia wati 150. Kwa saa 8 ni uniti 1.2 za LUKU. Laptopu inayotumia wati 40 kwa saa hizo hizo inakula uniti 0.32. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ya kwanza inakula uniti 31 hivi na ya pili uniti 8 hivi. Tofauti ni uniti 23 kila mwezi. Kwa anayetumia sola, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mfumo mdogo utatosha au la.

Angalizo: laptopu haiwashi printa. Umeme ukikatika utachapa, lakini hutatoa karatasi. Printa ya leza na mashine ya fotokopi huvuta mamia ya wati, na wakati wa kupasha joto zinaweza kupita wati 1,000. Usizichomeke kwenye UPS ndogo au inveta ndogo, utaiunguza. Printa ndogo ya wino hutumia umeme kidogo zaidi, hivyo inaendana na sola.

Kuipanga mezani

Laptopu ilibuniwa kutumika kwa muda mfupi popote ulipo. Ukiinamia kioo chake saa 8 kila siku, shingo na mgongo vitakuambia. Ili ichukue nafasi ya kompyuta ya mezani, fanya haya:

1. Iinue. Weka kibao au vitabu chini yake mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho yako.

2. Tumia kibodi na mausi za nje. Zinachomekwa kwenye tundu la USB. Kibodi ya nje ikimwagikiwa chai unanunua nyingine. Ya ndani ikimwagikiwa, chai inaweza kufika kwenye mitambo na kuua mashine nzima.

3. Kama kioo ni kidogo, unganisha monita. Laptopu nyingi zina tundu la HDMI. Monita za zamani hutumia VGA, hivyo utahitaji kiunganishi cha kubadilisha.

4. Hesabu matundu ya USB. Printa, mausi, kibodi na flashi ni vinne tayari, na laptopu nyingi zina mawili au matatu. Kigawanyo cha USB kinasaidia, lakini vifaa vinavyovuta umeme mwingi, kama diski ya nje, vichomeke moja kwa moja kwenye mashine.

5. Ipe hewa. Laptopu hupoza joto kupitia matundu madogo yaliyo chini na ubavuni. Usiiweke juu ya kitambaa, mto au godoro. Kwa wasikilizaji wa bonde la Momba, upande wa Kamsamba, ambako joto ni kali kuliko Vwawa au Tunduma, jambo hili lina uzito zaidi. Wakati wa kiangazi vumbi huziba feni, hivyo mpelekee fundi aisafishe ukianza kusikia inavuma kwa nguvu.

Betri na chaji

Wengi wanauliza kama ni vibaya kuiacha laptopu kwenye chaji kutwa. Laptopu za kisasa huacha kujaza betri ikishafika mwisho, kwa hiyo haitalipuka kwa sababu hiyo tu. Hata hivyo, betri inayokaa imejaa na huku ina joto huchoka mapema. Baadhi ya laptopu zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Kama yako inao, utumie.

Ukiona betri imevimba, kibodi imenyanyuka au kifuniko hakifungi vizuri, zima mashine, chomoa chaji na umpelekee fundi. Usiitoboe wala kuibonyeza, kwani inaweza kushika moto.

Chaji nyingi zimeandikwa zinapokea volti 100 hadi 240, hivyo huvumilia umeme kushuka. Umeme unaporudi kwa kishindo ndio huunguza. Tumia kifaa cha kulinda umeme, na radi zikianza chomoa kabisa. Ukinunua chaji nyingine, volti zilingane na zilizoandikwa kwenye ile ya awali, na wati zisipungue.

Ukinunua iliyotumika

Laptopu nyingi zinazouzwa mikoani zimeshatumika nje ya nchi. Si vibaya, ila kagua kabla ya kulipa. Chomoa chaji na uitumie kwa dakika 20 ukiangalia asilimia zinavyoshuka. Jaribu kila tundu la USB, kila herufi ya kibodi na intaneti. Kwa kazi za ofisi tafuta yenye ramu ya GB 8 na diski ya aina ya SSD, kwa sababu ndiyo inayofanya mashine ya zamani iwe na wepesi.

Uliza pia inatumia Windows ipi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikubaliki kwenye Windows 11. Mashine haitazima kwa sababu hiyo, ila haipati tena masahihisho ya kawaida ya usalama. Ukikwama hapo, Linux ni ya bure na inatosha kuchapa barua, kupiga hesabu na kuingia mtandaoni. Kabla ya kuhamia, hakikisha printa yako inaelewana nayo.

Hatari kubwa: inabebeka

Kompyuta ya mezani ni nzito na mwizi hawezi kuificha kwenye koti. Laptopu inaingia kwenye begi, inasafiri kwa bodaboda, inaanguka, inalowa. Fikiria katibu wa AMCOS ya kahawa msimu ukiwa umepamba moto. Kilo za kila mkulima zimo humo. Mashine ikipotea, si chuma kilichopotea, ni malipo ya watu, na ugomvi utakaofuata unaweza kuvunja chama.

Kwa hiyo weka taratibu hizi:

Nakili kumbukumbu kila jioni kwenye flashi au diski ya nje, na kifaa hicho kisikae begi moja na laptopu. Mara moja kwa wiki, washa hotspoti ya simu na utume nakala kwenye barua pepe ya chama au hifadhi ya mtandaoni. Faili la hesabu huwa dogo na halitamaliza bando. Endeleeni pia kutunza daftari la karatasi lenye sahihi za wakulima.

Weka nywila, na isiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kioo. Majina na namba za simu za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayezitunza ana wajibu wa kuzilinda.

Laptopu nyingi zina kitundu kidogo ubavuni cha kufungia mnyororo maalumu. Ufunge kwenye mguu wa meza nzito. Na kama hakuna sababu ya kuibeba, isitoke ofisini.

Nani abaki na ya mezani?

Kama umeme wako umetulia, mashine haitoki ofisini na watumiaji ni wengi kwa zamu, kompyuta ya mezani bado ni chaguo zuri. Ikiharibika kibodi, kioo au diski, unabadilisha kipande hicho tu, na kazi hiyo mafundi wengi wanaimudu. Kwenye laptopu, kipande kimoja kikifa matengenezo yanaweza kukaribia bei ya mashine nyingine iliyotumika.

Kabla hujatoa pesa, basi, hesabu saa unazokosa umeme kwa wiki, kisha jiulize mashine ikipotea kesho asubuhi, nakala ya kazi yako iko wapi. Kama nakala hiyo haipo, anza na flashi kabla ya laptopu.