Nyumba ya Ziwani Haiuzwi na Mtu Mmoja

Siku niliyolipia nyumba hii, Machi 2003, tulikaa watu kumi na mmoja chini ya mwembe, mtendaji wa kijiji ameshika kalamu. Karatasi ilichanwa katikati ya daftari la shule. Mjane aliyekuwa akiniuzia alichovya dole gumba kwenye wino, akaliweka mara mbili kwa sababu alama ya kwanza ilichafuka. Nikahesabu shilingi milioni mbili na laki nane mbele ya macho ya wote. Alipomaliza kuzifunga kwenye ncha ya khanga akaniambia, "Haya Mwalimu, pesa nimepokea. Twende sasa ukaonyeshwe ulichonunua."

Mahali penyewe ni Etaro, ufukweni mwa Ziwa Victoria, si mbali na Musoma mjini kwa njia ya Nyegina. Tulianza na ua wa minyaa. Mzee jirani, ambaye siku hiyo alikuwa shahidi wangu, alivunja tawi moja, utomvu mweupe ukadondoka mchangani. "Huu ulipandwa na marehemu mume wake," akasema. "Ule mnene wa kule ni wa baba yake marehemu." Ua ulipinda mahali pawili. Pa kwanza ulikwepa kichuguu. Pa pili ulikwepa makaburi manne yasiyo na saruji, yamezungushiwa mawe tu. Makaburi hayo hayakuuzwa. Yameandikwa kwenye karatasi yangu hadi leo, mstari wa saba: njia ya kwenda makaburini isizibwe.

Nimefundisha historia miaka thelathini na mmoja, mingi katika shule za Bunda na Musoma, lakini kuzunguka ua ule kulinifundisha jambo ambalo sikuwahi kuliandika ubaoni. Mkoani Mara, nyumba yenye uwanja wake haijawahi kuwa mali ya mtu mmoja wa kuitoa na kuipokea. Wenye neno juu yake ni wengi, na wengine wamekwisha kufa.

Zamani za mababu, nyumba moja peke yake haikuwapo kabisa. Kulikuwa na mji: misonge ya nyasi imezunguka uwanja, zizi, maghala, na kila mke na nyumba yake. Neno nyumba lenyewe, kwa watu wa huku, lilimaanisha mama na watoto wake kabla ya kumaanisha kuta. Ng'ombe na mashamba vilirithiwa kwa kufuata nyumba hizo. Ndiyo asili ya desturi ya nyumba ntobhu, inayojulikana zaidi kwa Wakurya: mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mke ili nyumba yake ipate watoto wa kuibeba. Watu wa mbali huishangaa desturi hiyo. Mimi naiona kama jibu la swali gumu: nyumba ikikosa mrithi itakuwa ya nani?

Swali hilo liliwahi kunigharimu. Miaka miwili kabla ya Etaro nilitoa malipo ya awali kwa nyumba moja ya ufukweni upande wa Bunda. Muuzaji alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba kubwa. Sikuuliza kama kuna nyumba nyingine. Kumbe zilikuwa tatu, na watoto wa nyumba ndogo walikuwa wamelima pale tangu utoto wao. Fedha yangu ilirudi kidogo kidogo kwa miezi ishirini, na sikuwalaumu wale vijana. Mwenye kosa ni mimi niliyenunua kuta bila kuwauliza akina mama.

Mji ukihama, kwa ugonjwa au kwa kufuata malisho, mahali palipoachwa palibaki na jina. Ni mahame, tongo. Nenda Butiama uone: sehemu alipojenga Mwalimu Nyerere inaitwa Mwitongo, na maana yake ni hiyo hiyo, kwenye mahame. Wazazi wake wamezikwa hapo, naye akazikwa hapo Oktoba 1999. Mahame hayakuwa pori la kuokota. Minyaa, mikonge, mawe ya mafiga na makaburi vilisema ni ya nani, na mgeni aliyetaka kulima aliomba.

Kisheria, ardhi niliyoonyeshwa Etaro haikuwa ya mjane hata kabla hajaniuzia. Wajerumani waliitangaza ardhi ya koloni kuwa ya Dola mwaka 1895. Sheria ya Waingereza ya 1923 ikaiweka chini ya Gavana, mwananchi akabaki na haki ya kuikalia. Serikali ya kikoloni ilipotaka Waafrika wagawiwe ardhi kwa umiliki wa moja kwa moja, aliyesimama kupinga alikuwa mtoto wa mkoa huu huu. Katika andiko lake la 1958, Mali ya Taifa, Nyerere alieleza kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu. Kilicho cha mtu ni nguvu aliyoitumia kuisafisha na kuifanya ifae. Aliona kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa, maskini wataiuza na watoto wao watakuwa wapangaji katika nchi yao. Mwaka 1963 umiliki huru ulifutwa.

Kwa hiyo karatasi za mauziano huku husema maendelezo. Yangu inasema: nyumba ya tofali za kuchoma yenye vyumba vitatu, jiko la nje, choo, miembe mitano na ua. Nimenunua jasho. Na ninaamini mpaka leo kwamba ndiyo njia ya haki ya kuuziana.

Lakini dola iliyosema jasho ni mali ndiyo iliyoliacha likaozea porini. Operesheni Vijiji ilipopita mwaka 1974, watu waliambiwa wahame miji yao wakajipange kwa mistari kandokando ya barabara. Misonge iliezuliwa, mazao yakaachwa. Novemba mwaka huo huo viongozi wa TANU walikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto. Mimi ni tunda la azimio lile na ninalishukuru. Nasema hivyo nikijua kwamba mama wa jirani zangu walitembea na mabati kichwani mwaka huo huo.

Miaka ya themanini watu walianza kurudi kwenye mahame yao. Hapo ndipo kesi zilipochacha: huyu ana minyaa ya babu, yule aligawiwa na kijiji. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1992 kufuta haki za kimila za kabla ya operesheni. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Akonaay, ikaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria mbili za ardhi za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zikaipa hati ya kimila hadhi sawa na hati ya mjini. Kwa mtu wa Etaro, hilo ni jambo kubwa kuliko bikoni yoyote.

Na mjane, je, aliweza kuuza? Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, akasema ubaguzi huo unavunja Katiba. Chini ya ule mwembe hakuna aliyetaja kesi hiyo. Kaka wa marehemu alikohoa tu, akasema, "Shemeji ameuguza, shemeji amezika, aachwe auze." Akatia sahihi.

Nyumba yenyewe ilijengwa na sangara. Samaki huyu alipandikizwa ziwani upande wa Uganda miaka ya hamsini, akajaa kwetu miaka ya themanini, viwanda vya minofu vikafuata Musoma. Mume wa mjane alikuwa na mitumbwi miwili. Mwaka 1994 aliezua nyasi akapiga bati, akaweka dirisha la vioo linalotazama mwalo. Mwaka 1999 soko la Ulaya lilipofungwa kwa sababu ya uvuvi wa sumu, bei iliporomoka mwaloni, na mtumbwi mmoja ukauzwa. Ukitembea ufukwe huu utaziona nyumba za miaka ile: tofali nzuri, linta imara, na chumba cha nne kilichoishia kimo cha kiuno.

Cha mwisho nilichoonyeshwa siku ile kilikuwa mwamba. Mzee alinishusha hadi majini, akaweka kiganja kwenye jiwe kubwa, juu ya utepe mweupe uliopita kifuani mwangu. "Maji ya Uhuru," akasema. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 1961 zilijaza ziwa kwa zaidi ya mita mbili, likafika kilele Mei 1964. Mji wa baba yake ulikuwa chini ya utepe ule. Walihamisha mbuzi usiku.

Nilimsikiliza kwa heshima, ila moyoni niliona ni habari za kale. Sheria ya mazingira ya 2004 ikaja kukataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ziwani, na wanunuzi wapya wakapima sitini zao kwa kamba, kuanzia maji yalipokuwa siku hiyo, siku ya kiangazi. Wakajenga.

Mei 2020 ziwa lilipita kidogo rekodi ya 1964. Niliona vyoo vikizama, jiko la jirani likibaki paa tu, watoto wakivua furu mahali palipokuwa na bustani ya mchicha. Maji yalifika kwenye utepe wa mwamba, yakaulowesha, yakasimama hatua thelathini na nane kutoka mlangoni kwangu. Aliyejenga na kupiga bati alijua alipokuwa akisimamisha msingi. Baba yake alikuwa amemwonyesha.

Mzee yule tulimzika mwaka 2014, ndani ya ua wake. Mwamba sasa ninauonyesha mimi. Unayetaka kununua huku, bisha hodi kwangu kabla hujahesabu fedha, na nyumba iliyo chini ya utepe ule usiinunue kwa bei yoyote.