Geji ya Oili na Kizibo cha Beauchamp Tower

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano kwenye beringi ya ekseli ya garimoshi. Juu ya beringi palitobolewa tundu la kutilia mafuta. Mafuta yakakataa kuingia. Yakapanda na kumwagika nje. Tower akaliziba kwa kizibo kama cha chupa, kikasukumwa kikatoka. Akapigilia cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, mshale ukapita ratili 200 kwa inchi ya mraba, na pampu hapakuwa nayo: ekseli ilikuwa ikioga ndani ya mafuta na kuyavuta yenyewe kwa kuzunguka.

Wenye magari ya kale wanaoihofia geji ya oili wangekumbuka kwamba shinikizo linaloibeba ekseli hutokana na mzunguko wenyewe, si pampu, wangelala usingizi mzuri zaidi.

Ford Model T, lililoanza kuundwa mwaka 1908, halikuwa na pampu ya oili wala geji. Gurudumu la injini liliirusha oili, na mrija mmoja ukaipeleka mbele. Aliyetaka kujua kiasi kilichobaki alijilaza chini ya gari na kufungua bomba mbili ndogo, ya juu na ya chini. Magari takribani milioni 15 yalitembea hivyo. Chevrolet ya silinda sita, ya mwaka 1929, ilikuwa na pampu, lakini katika matoleo yake mengi geji ilionyesha ratili 14 hivi tu, na injini ilikuwa nzima kabisa.

Hofu ya mshale kushuka ilikuja na injini zinazosukuma oili hadi kila beringi, kama ile ya Morris Minor ya miaka ya 1950, inayotarajiwa kufikia ratili 60 barabarani. Humo mna valvu ya springi inayofunguka pampu inapozidisha. Mafundi wajanja walijifunza kuongeza washa nyuma ya springi ili mshale upande, na mteja akaondoka akitabasamu. Ujanja huo huinua kilele tu. Injini ikiwa moto na ikinguruma polepole, valvu imefungwa tayari. Oili inatoroka kwenye beringi zilizolika, na washa haziwezi kuizuia.

Mshale ukishuka, fundi makini hufunga kwanza geji nyingine, maana ile ya dashibodi huzeeka pia. Kisha huitoa valvu aone kama uchafu umeikwamisha wazi, na kuipima springi urefu. Hivyo visipompa jibu, hufungua sampu: achunguze chujio la pampu, halafu beringi zenyewe.