Karo Lisilojaa

Karo lilitangulia, swali la udongo likafuata baadaye. Mwaka 1881 Mfaransa Jean-Louis Mouras, wa mji wa Vesoul, alipewa hataza ya tangi lililofungwa ambamo uchafu wa chooni ulimeng'enywa wenyewe bila hewa. Mwaka 1895 Donald Cameron alijenga tangi la aina hiyo mjini Exeter, Uingereza, akalipa jina ambalo mafundi wetu hulitamka "septiki".

Lakini tangi peke yake halisafishi maji. Uchafu mzito hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji yanayotoka katikati bado yamejaa vijidudu. Kazi ya kuyasafisha huachiwa udongo. Je, ni udongo upi unaoiweza?

Katika miaka ya 1920 Henry Ryon, mhandisi wa idara ya afya ya jimbo la New York, alilitafutia jibu swali hilo. Alikwenda kwenye makaro ya zamani yaliyoshindwa au yaliyokaribia kushindwa, akachimba shimo la mraba lenye upana wa futi 1, akalitia maji, kisha akatazama saa. Maji yanachukua dakika ngapi kushuka inchi 1? Dakika hizo alizilinganisha na kiasi cha maji taka ambacho ardhi ya pale ilikuwa ikipokea. Kipimo chake kilienea. Baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba ziliota pembezoni mwa miji ya Marekani, mbali na mabomba ya maji taka, na mwaka 1957 serikali ya nchi hiyo ikatoa mwongozo wa makaro uliotegemea kipimo cha namna hiyo.

Kinachonishughulisha mimi ni hofu iliyokizaa kipimo hicho. Kwa Ryon, karo lililoshindwa ni lile linalofurika uani kwa sababu udongo umekataa kunywa. Mfinyanzi ndio ulikuwa adui. Maji yakizama haraka, hiyo ilikuwa habari njema.

Sasa kilete kipimo hicho kusini mwa Unguja, kwenye ardhi ya mawe iitwayo uwanda. Chini ya udongo haba kuna jiwe la matumbawe ya kale, limetobolewa na mvua kwa maelfu ya miaka. Mimina ndoo ya maji kwenye ufa wake uone yanavyopotea. Huku nimewasikia wenye nyumba wakijisifu kuwa karo lao halijai. Miaka nenda miaka rudi, gari la kunyonya halijaitwa. Fundi naye husifiwa kwa kuukuta mwanya na kuuacha wazi. Lakini maji yanayopita kwenye mwanya hayachujwi na chochote. Yanashuka kama yalivyo hadi kwenye maji baridi yanayoelea juu ya maji ya chumvi, yale yale ambayo jirani anayateka kisimani.

Onyo lilikuwepo. Mwaka 1958 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Wagner na Lanoix kuhusu vyoo vya vijijini. Humo mna namba ambayo wengi tunaijua bila kujua ilikotoka: mita 15 kati ya choo na kisima. Mna pia kwamba kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Lakini waandishi walisema wazi kwamba kwenye mawe ya chokaa na miamba yenye nyufa uchafu unaweza kusafiri mbali, hivyo umbali huo si kinga. Namba ilisafiri hadi vijijini. Onyo lake silisikii likitajwa.

Wenzetu wa kwingine walitafuta njia. Huko North Dakota, katika miaka ya 1940, walianza kurundika mchanga juu ya ardhi ili maji ya karo yachujwe humo kwanza. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaiboresha mbinu hiyo. Miongozo mingi nayo ikaweka kikomo cha upande wa pili: maji yakizama upesi kupita kiasi, kiwanja hakifai kwa mtaro wa kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kujenga uwandani, saa pekee haitoshi. Chimba uone udongo una kina gani kabla ya jiwe. Pima maji ya kisima cha jirani wakati wa masika, yanapokuwa juu. Sakafu ya karo isakafiwe kwa zege isivuje, na mchanga wa kuchuja uletwe hata kwa lori. Karo la namna hiyo litajaa tope, na kila baada ya miaka michache utalipia gari la kunyonya. Fedha hizo ni bei ya maji ya kisima cha jirani, na mpaka leo jirani ndiye anayeilipa.