Maporomoko: ya maji, ya udongo na ya bei

Katika taarifa moja ya habari, neno "maporomoko" linaweza kusikika mara tatu na kila mara likawa na maana yake. Mara ya kwanza ni habari ya umeme unaozalishwa kwenye maporomoko ya mto. Mara ya pili ni habari ya familia zilizofukiwa na udongo usiku. Mara ya tatu ni habari za masoko, tunapotangaza kuwa bei ya zao fulani imeporomoka. Msikilizaji aliyewasha redio katikati ya sentensi anaweza asijue kama anaambiwa ahame, auze mazao yake, au asikilize tu.

Ndiyo maana tumeona tuliandikie neno hili makala. Tunaeleza lilianzia wapi kwa maana yake ya kawaida, linavyotumika kwa mafumbo, na nini cha kuuliza ukilisikia, iwe uko Titye, Kasulu mjini, Kibondo au kwingineko katika nyanda za juu za Kigoma.

Maji yanapoporomoka

Kuporomoka ni kwenda chini kutoka juu, kwa kasi, kwa wingi, bila kitu cha kuzuia katikati. Shika mambo hayo matatu, yaani kimo, uzito na kutozuilika, kwa sababu ndiyo yanayobebwa na neno hili kila linakokwenda.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya maji yanayokwenda chini, na kila kimoja kina kazi yake. Maji ya chemchemi yanabubujika. Maji ya kijito kwenye mteremko mdogo yanatiririka. Maji ya mvua kwenye ukingo wa bati yanachuruzika, na mvua ikikatika yanadondoka tone kwa tone. Maji ya ndoo yanamiminwa. Lakini mto unapofika kwenye mwamba uliokatika na kujitupa chini kwa kishindo, hapo tunasema maji yanaporomoka, na mahali penyewe panaitwa maporomoko.

Jina hili hutumika zaidi kwa wingi: maporomoko haya ni makubwa, maporomoko yametokea. Umoja wake, "poromoko", husikika kwa nadra. "Mporomoko" nalo ni neno la ukoo huohuo, lakini siku hizi limekaa zaidi upande wa mafumbo: mporomoko wa bei, mporomoko wa uchumi, mporomoko wa maadili. Katika maandishi ya zamani utakuta pia "maanguko ya maji". Majirani zetu wa Burundi na Rwanda husema "isumo", na humo ndimo lilimotoka jina la Rusumo.

Rusumo ipo kwenye Mto Kagera, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, upande wa Ngara. Maporomoko yake si marefu, ni kama meta 15 tu, lakini maji ni mengi. Mtambo wa umeme uliojengwa hapo una uwezo wa megawati 80, ambazo hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwetu Kigoma, maporomoko ya Igamba kwenye Mto Malagarasi ndiyo yaliyochaguliwa kwa mradi wa umeme wa megawati 49.5. Kalambo, mpakani mwa mkoa wa Rukwa na Zambia, ni kinyume cha Rusumo: maji yake ni machache zaidi, lakini yanaanguka zaidi ya meta 200 kwa mkupuo mmoja kabla ya kuelekea Ziwa Tanganyika.

Kwa nini maji yanayoanguka yana nguvu kiasi hicho? Piga hesabu ya madumu. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Madumu 50 ni lita 1,000, yaani tani nzima. Mto mkubwa unapitisha tani nyingi kila sekunde. Maji mengi yakianguka kimo kidogo, au maji kidogo yakianguka kimo kikubwa, yote mawili yanaweza kusukuma mtambo. Wahandisi wa umeme hupima vitu hivyo viwili kwanza: maji kiasi gani, na yanaanguka kutoka wapi hadi wapi. Maswali hayohayo yatatufaa tukifika kwenye bei.

Mlima unapoporomoka

Maana ya pili haina fumbo. Udongo, mawe na miti vinaweza kushuka mlimani kama maji yashukavyo, na mara nyingi ni maji yenyewe yanayovishusha. Mvua ikinyesha siku nyingi, udongo hulowa hadi chini, huwa mzito, na hupoteza mshiko wake na mwamba. Hapo mteremko unaweza kukatika wote kwa pamoja.

Tarehe 3 Desemba 2023 hilo lilitokea katika Mlima Hanang, mkoani Manyara. Tope, mawe na magogo yalishuka kupitia makorongo hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Mwezi Mei mwaka huohuo, ng'ambo ya magharibi, mafuriko na maporomoko yaliua mamia ya watu katika eneo la Kalehe, Kivu ya Kusini. Mwaka 2010 ilikuwa Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, ambako kijiji kilifukiwa.

Hapa ndipo neno linapoweza kumponza msikilizaji. "Maporomoko" peke yake, kwa watu wengi, ni mahali pazuri pa kwenda kutembea na kupiga picha. Kwa hiyo katika tangazo la hatari sikiliza neno linalofuata. "Maporomoko ya maji" ni mahali, yapo leo na kesho. "Maporomoko ya ardhi", "ya udongo" au "ya tope" ni tukio, na likishaanza hakuna muda wa kufunga mlango.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Unaposikia ngazi mbili za mwisho kwa mvua kubwa, na nyumba yako iko chini ya mteremko mkali au mdomoni mwa korongo, tazama dalili hizi:

- Nyufa mpya kwenye ardhi, kwenye kuta au kwenye njia ya mlimani.
- Miti, nguzo au uzio vilivyokuwa wima vimeanza kuinama.
- Maji yanatoka ardhini mahali ambapo hayakuwa yakitoka, au chemchemi imegeuka tope ghafla.
- Kijito kimepungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Huenda kimezibwa huko juu, na kizuizi kitaachia.
- Mngurumo usiokatika kutoka mlimani, au sauti ya miti ikivunjika na mawe kugongana.

Ukiona au kusikia haya, ondoka na watu wako. Usikimbie kufuata korongo kuteremka, kwa kuwa ndiyo njia ya tope. Kimbilia pembeni, upande ulioinuka. Usirudi kuchukua vitu, na toa taarifa kwa uongozi wa kijiji ukishafika mahali salama.

Bei inapoporomoka

Sasa tuingie kwenye mafumbo. Bei haina mwamba wala kishindo, lakini tunasema inapanda na inashuka kana kwamba iko kwenye kilima. Ikishuka sana kwa muda mfupi, tunaazima neno la maji.

Kiswahili kinatupa ngazi, na ni vizuri kuzitofautisha. Tuseme kilo ya maharage ilikuwa shilingi 2,000. Ikiwa wiki hii ni 1,800, bei imepungua au imeshuka. Ikiwa ndani ya wiki mbili imefika 900, bei imeporomoka. Na ikishuka kidogo kidogo kila mwezi tangu mavuno yaanze, huo ni mteremko wa kila mwaka ambao mkulima anaujua: mazao yakiwa mengi sokoni bei hulegea, yakiadimika hupanda.

Mporomoko wa kweli upo. Julai 1989 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa kahawa zilishindwa kukubaliana juu ya mgao wa mauzo. Mgao ukaachwa, kahawa ikamwagwa sokoni, na ndani ya miezi michache bei ya dunia ikapungua karibu nusu. Wakulima wa arabika hapa Afrika Mashariki, ambao hawakuwa kwenye chumba cha mazungumzo, waliupokea mshindo huo mashambani mwao.

Lakini si kila bei inayosemwa imeporomoka imeporomoka. Neno hili lina mshindo, na mshindo huvuta masikio, ya watangazaji na ya wafanyabiashara vilevile. Mnunuzi anayefika shambani na kusema "mzee, bei imeporomoka huko duniani, nikupe hii tu kabla haijaisha kabisa" anatumia sehemu moja ya maana ya neno: ile ya kutozuilika. Anataka uone kuwa kinachoshuka hakitasimama, kwa hiyo uuze leo. Bei si maji. Maji ya Kalambo hayarudi juu ya mwamba, lakini bei hurudi mara nyingi.

Tena bei ya "huko duniani" si lazima iwe ya kitu ulicho nacho. Bei ya arabika inayotajwa kwenye soko la New York ni ya kahawa safi iliyo tayari kusafirishwa, na inahesabiwa kwa dola. Kahawa ya maganda iliyo kwenye gunia lako ina bei nyingine, yenye gharama za kukoboa, usafiri na ushuru ndani yake. Bei ya nje ikitikisika asubuhi, haina maana kwamba bei ya Kasulu imeshuka kwa kiasi hichohicho kabla ya jioni.

Majengo, mitihani na maadili

Neno limesafiri mbali zaidi. Jengo lililoanguka lote kwa pamoja tunasema limeporomoka, kama ghorofa la Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, lililoua zaidi ya watu 20. Hapa neno linakaa vizuri: kimo kipo, uzito upo, na hakuna cha kuzuia.

Kwenye mitihani linahitaji uangalifu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha karibu watahiniwa 6 kati ya 10 wamepata sifuri. Nchi nzima ilisema ufaulu umeporomoka. Baadaye mwaka huohuo Serikali ilifuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya, kwa maelezo kwamba utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa. Watoto walikuwa walewale na majibu yao yalikuwa yaleyale, lakini kipimo kilikuwa kingine. Kijana aliyepata sifuri Februari na akapata cheti baadaye anajua tofauti hiyo ilivyo nzito.

"Maadili yameporomoka" ndiyo sentensi inayopendwa kuliko zote kwenye vikao vya wazee. Inaweza kuwa na ukweli, lakini hapo hatuna kimo cha kuanzia wala cha kuishia. Ni neno la kuonyesha uchungu zaidi ya kipimo. Anayeisikia afadhali aulize: jambo gani hasa, na limeanza lini?

Ukiongeza kisababishi unapata "kuporomosha", na hapo lugha inacheza. Mtu mwenye hasira anaporomosha matusi, yaani yanamtoka mengi mfululizo bila breki. Mjini utasikia pia kwamba fulani "ameporomosha mjengo", na maana yake hajabomoa chochote, amejenga nyumba kubwa ya kifahari! Kilichoazimwa hapo ni wingi na kishindo tu, kushuka kumeachwa. Usije ukampa pole mtu anayestahili hongera.

Watu wakifika mahali kwa wingi, hata hivyo, hatusemi wameporomoka. Tunasema wamemiminika, kwa sababu wanafika, wanasimama, na wanaweza kurudi walikotoka. Mkoa wetu, uliopokea wakimbizi kwa miongo mingi, unaijua maana hiyo.

Maswali matatu ya kubaki nayo

Ukisikia "maporomoko" au "imeporomoka", redioni, sokoni au kwenye ujumbe wa simu, jiulize:

1. Ni ya nini? Maji, ardhi, jengo, au ni fumbo la namba? Kama ni ardhi na uko mteremkoni, acha maswali mengine, angalia dalili.
2. Kutoka wapi hadi wapi, na kwa muda gani? Asiyekupa namba mbili na tarehe mbili hajakueleza mporomoko, amekupa hofu.
3. Kipimo ni kilekile? Soko lilelile, ubora uleule wa zao, madaraja yaleyale ya mtihani?

Nasi tunaosoma habari tunapaswa kujibu maswali hayo ndani ya sentensi zetu. Tukisema bei imeporomoka, tutaje namba na soko. Tukisema maporomoko, tutaje kama ni ya maji au ya udongo. Usiposikia hivyo, una haki ya kutupigia na kutuuliza.