Suruali Ndani ya Soksi

Ukitaka kumtambua mtu wa baiskeli mjini Nakuru akiwa ameshashuka na kuifunga kwenye nguzo, mtazame mguu wa kulia. Upande wa kushoto suruali imeteremka vizuri hadi kwenye kiatu. Upande wa kulia ama bado imechomekwa ndani ya soksi kwa kusahau, ama ina mkunjo ambao pasi haikuukusudia. Cheni ya baiskeli iko kulia, na grisi yake haibagui kaki wala sufu.

Mkunjo huo una umri mkubwa kuliko majengo mengi ya Kenyatta Avenue. Siku hizi kuna dhana kwamba kuendesha baiskeli ni mchezo, wenye mavazi yake ya kubana, kofia ya plastiki na miwani ya rangi. Mtu akipita na tai na koti la suti juu ya baiskeli, vijana hucheka kidogo. Wangelizaliwa miaka hamsini mapema wangesimama pembeni na kumwamkia, kwa sababu huyo angekuwa mwalimu, karani au mzee wa kanisa, na baiskeli ingekuwa sehemu ya mavazi yake kama kofia na kalamu mfukoni.

Nakuru si mahali rahisi pa kupita na shati jeupe. Jina lenyewe husemekana limetoka kwa Wamaasai, kwa maana ya mahali pa vumbi, na anayeishi hapa mwezi wa Februari haulizi ushahidi. Udongo ni majivu ya volkano, mwepesi kama unga. Upepo ukivuka ziwa unauinua mpaka mlango wa duka. Halafu kuna mwinuko. Mji umeegemea mlima wa Menengai, wenye kimo cha mita 2,278, ukateremka hadi ziwani. Wazungu walijenga Milimani, kwenye hewa safi. Wafanyakazi waliwekwa chini, upande wa Bondeni na Kivumbini, na baadaye mji ukatanuka hadi Kaptembwo na Rhonda. Kwa hiyo anayetoka nyumbani hupanda asubuhi akiwa na nguvu zake, na jioni hurudi akiteremka amechoka. Sidhani aliyeuchora mji alikuwa na huruma hiyo akilini, lakini miguu ya watu imefaidika.

Reli ilifika hapa mwaka 1900 ikielekea Kisumu, na mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Baiskeli tunayoijua, yenye magurudumu mawili sawa na cheni inayozungusha la nyuma, haikuwa kongwe wakati huo: John Kemp Starley aliitoa huko Coventry mwaka 1885, na tairi ya upepo ya Dunlop ikafuata mwaka 1888. Reli na baiskeli ziliingia Bonde la Ufa karibu pamoja, moja ikibeba nyingine. Mwanzoni waliozipanda walikuwa maafisa, wamisionari na walowezi. Wazungu walipohamia kwenye magari, baiskeli ikashuka ngazi moja ikaangukia mikononi mwa Mwafrika aliyesoma.

Wengi hudhani Black Mamba, ile baiskeli nyeusi na nzito, ni ya mizigo, kwa sababu ndivyo walivyoikuta. Ukichunguza chuma chake utaona ilitengenezwa kwa ajili ya nguo. Mtindo ule wa Kiingereza, uliosambazwa na Raleigh ya Nottingham na baadaye kuigwa na viwanda vya India na China, una usukani uliorudi nyuma ili mwendeshaji aketi wima, kifua mbele, koti lisijikunje mgongoni. Una madigadi marefu ya kuzuia matope yasiruke hadi kolani. Ile ya bei ya juu ilikuwa na kava iliyofunika cheni yote, na hapo suruali haikuhitaji soksi kabisa. Breki ni za vyuma, si za waya. Gurudumu la inchi 28 hupita juu ya shimo ambalo gurudumu dogo lingelizama. Ubaya ni uzito: zaidi ya kilo 20 kabla hujapakia hata kabichi moja. Lakini mtu aliyevaa suti hana haraka. Mwendo wa pole ulikuwa sehemu ya heshima.

Katika mashamba makubwa ya walowezi kuanzia Njoro hadi Solai, Mwafrika aliyekuwa na baiskeli alikuwa nyapara, karani wa shamba au mwalimu wa shule ya misheni. Ilikuwa ikigharimu mishahara ya miezi mingi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, baadhi ya askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, walirudi na akiba zao na kitu cha kwanza walichonunua, kabla ya bati la nyumba, kikawa baiskeli. Halmashauri za miji nazo zikaigeuza kitega uchumi: leseni kila mwaka, na askari wa kukukamata ukiendesha usiku bila taa. Wazee husimulia jinsi walivyokuwa wakishuka na kuikokota kila walipoona kofia ya polisi gizani, kwa sababu anayekokota baiskeli ni mtembea kwa miguu tu, na mtembea kwa miguu hadaiwi taa.

Taa zenyewe zina kisa cha hapa hapa. Wengi hawakumudu dinamo, kwa hiyo walifunga tochi kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Betri za tochi hizo, zile zenye picha ya paka, zilitengenezwa Nakuru kuanzia mwaka 1967 katika kiwanda cha Eveready, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mfanyakazi wa zamu ya jioni pale aliweza kurudi nyumbani akimulikiwa na kazi ya mikono yake.

Uhuru ulibadilisha ardhi, na ardhi ikabadilisha baiskeli. Mashamba ya walowezi yalipokatwa, kwanza kwa mipango ya serikali ya kuwapa watu makao, kisha kwa makampuni ya kununua ardhi kama Ngwataniro katika miaka ya 1970, shamba moja la bwana mmoja likawa maboma mamia. Kila boma lilikuwa na ng'ombe wawili, robo ekari ya viazi, mtoto wa kupeleka shule, na kituo cha maziwa kilichokuwa kilomita tano au kumi. Lori lisingefika kwenye kila mlango. Baiskeli ilifika. Bahati, Njoro, Subukia, kote huko asubuhi ilianza kwa mlio wa mitungi ya maziwa ikigongana kwenye keria.

Hapa ndipo penye utamu wa historia hii, na sitapapita haraka. Baiskeli ile ile iliyobeba maziwa Jumatatu ilioshwa Jumamosi jioni kwa maji ya sabuni, spoki moja moja, ikapakwa mafuta, na Jumapili ikawa gari la familia. Baba mbele, amevaa Kaunda suti ya rangi ya majani makavu. Mtoto mdogo juu ya paipu, ameshika kengele asiyoruhusiwa kuipiga. Mama nyuma kwenye keria, ameketi upande, magoti pamoja, leso imefunika miguu, Biblia mapajani. Nilikuwa mmoja wa watoto hao wa paipu, na hadi leo nikiona chuma cheusi nahisi baridi ya asubuhi kwenye mapaja. Kaunda suti, nikumbushe, ina ukoo na baiskeli kuliko tunavyodhani: Kenneth Kaunda mwenyewe, siku za kudai uhuru wa Zambia, alizunguka vijijini kwa baiskeli akiwa na gitaa.

Na mwalimu? Ngũgĩ wa Thiong'o alipotaka kumwingiza mwalimu Munira katika kijiji cha Ilmorog, kwenye riwaya ya Petals of Blood ya mwaka 1977, alimleta juu ya baiskeli. Hakuhitaji kueleza zaidi. Kila msomaji wa Kenya alijua mtu huyo amevaaje.

Wanawake wengi walikuwa abiria. Baiskeli ya kike, ile yenye paipu iliyopinda chini ili sketi ipite, ilikuwapo, na ilionekana chini ya wauguzi, masista na baadhi ya walimu. Lakini msichana aliyejifunza kuendesha alijifunza kwa kuiba saa, kaka yake akiwa amelala, mguu mmoja ukipitishwa chini ya paipu ya baiskeli ya kiume, mwili wote umepinda kama mundu. Kulikuwa na maneno mengi juu ya mwanamke anayetanua miguu hadharani. Ukaaji wa upande tulioufanya kuwa mfano wa staha ulikuwa pia uamuzi wa nani atashika usukani.

Katikati ya miaka ya 1980 upepo ukageuka. Wataalamu wa uchukuzi wameandika jinsi serikali ilivyoshusha ushuru wa baiskeli kutoka asilimia 80 hadi 20 kati ya mwaka 1986 na 1989. Madukani zikajaa, na kitu kinapopatikana kwa wengi huanza kupoteza taji. Kutoka Busia, kwenye mpaka wa Uganda, ikaja kazi mpya: vijana waliovusha watu katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha, wakiita "boda, boda". Katika miaka ya 1990, kazi zilipokuwa haba, jina hilo na kazi hiyo vilikuwa vimesambaa katika miji ya magharibi na Bonde la Ufa.

Boda boda wa baiskeli hakuwa na suti. Alihamishia umaridadi kwenye chuma. Keria ilipata mto wa sponji uliofunikwa kwa kitambaa kilichofumwa, kama vile vya sebuleni. Kwenye madigadi ya nyuma kilining'inia kipande cha raba chenye maandishi ya kuwatania wenzake au kumshukuru Mungu. Maua ya plastiki kwenye usukani, vioo viwili visivyoangalia nyuma ila uso wa mwenyewe, vipande vya kuakisi mwanga kwenye spoki. Na abiria alikuwa mtu wa ofisini, aliyevaa vizuri, kwa sababu safari ya kutoka kituo cha matatu hadi mlangoni ilikuwa na vumbi, na shilingi chache ziliokoa viatu vyake. Huo ulikuwa mgawanyo mpya: mwenye nguo nzuri ameketi nyuma, mwenye jasho yuko mbele. Nadhani hapo ndipo baiskeli ilipovuliwa koti.

Pikipiki ikamaliza shughuli. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo, zisizofika cc 250, na katika muda mfupi vijana wale wale, wakiwa kwenye steji zile zile, wakawa na injini. Hata jina walilichukua. Leo ukisema boda boda kwa mtoto wa shule wa Lanet, haimjii akilini kwamba kitu hicho kiliwahi kunyongwa kwa miguu.

Karibu na wakati huo huo, mnamo Novemba 2006, jijini Copenhagen, Mikael Colville-Andersen alimpiga picha mwanamke aliyevaa sketi na buti akiwa juu ya baiskeli kwenye taa za barabarani. Picha ikapendwa, zikafuata nyingine nyingi, na ulimwengu wa watu wenye nafasi ukagundua kwamba inawezekana kuendesha baiskeli bila kujivalisha kama mwanariadha. Ni jambo zuri, silipingi. Lakini mtu aliyekulia Njoro huwa anatabasamu. Tofauti ni kwamba wa Copenhagen alikuwa na njia yake ya baiskeli, imejengwa kwa lami na sheria, na hakuna aliyemdhania kuwa maskini.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hadhi haikuja na nafasi ya kupita kwenye barabara kuu ya kwenda Eldoret, ambako malori ya kuelekea Uganda humsukuma mwenye baiskeli hadi kwenye changarawe. Jumamosi utawaona wapenzi wa mchezo katika makundi, mavazi ya kung'aa, wakielekea Naivasha na Hell's Gate, mojawapo ya hifadhi chache ambako unaruhusiwa kupita karibu na pundamilia kwa baiskeli. Wanastahili pongezi, nchi iliyomlea mwanabaiskeli Chris Froome mikononi mwa kocha David Kinjah haina sababu ya kuwaonea haya. Ila wao hurudisha baiskeli nyumbani juu ya gari.

Wa kila siku bado wapo. Baiskeli zao sasa nyingi ni za mtumba: gea kumi na nane ambazo tatu zinafanya kazi, hazina madigadi, na cheni iko wazi. Chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya mlima wa Ulaya hakikufikiria suruali ya karani. Kwa hiyo mafundi wa kando ya barabara hukata tyubu kuukuu kuwa pete za mpira, unapewa moja ukiziba pancha.

Asubuhi moja ya mvua mwezi wa Mei nilimwona mtu wa makamo akifika kwenye lango la ofisi, karibu na raundiabauti ya KFA. Alishuka polepole. Akatoa kitambaa chini ya kiti, akafuta kiatu cha kwanza, akageuza kitambaa, akafuta cha pili. Akaitoa tai kutoka katikati ya vifungo vya shati alikokuwa ameificha isipeperuke. Mwisho akainama, akavua pete ya mpira kwenye mguu wa kulia, akaivisha kwenye usukani mahali pa kengele, akaupiga mkunjo wa suruali viganja viwili. Bawabu akamfungulia lango lote, lile la magari.