Chuma Kilivyochelewa Kuingia Nyumbani Karagwe

Nchi za magharibi mwa Ziwa Viktoria zilikijua chuma mapema sana. Huko Katuruka, mashariki ya Karagwe, wanaakiolojia walifukua mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma za kabla ya Kristo. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika Karagwe mwaka 1861, alimkuta Omukama (mfalme) Rumanyika, ambaye baadhi ya alama za enzi yake zilikuwa za chuma. Lakini chuma kilikuwa cha jembe, mkuki na utawala. Nyumba ilikuwa msonge wa miti na nyasi, mwepesi, uliokazwa kwa kamba.

Utawala wa Wajerumani, kisha wa Waingereza kuanzia 1916, ulikuja na tofali. Fedha za kahawa zikaleta bati. Nyumba ikawa ya pembe nne na nzito. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo kasoro ilipoanza: kamba iliondoka, na mahali pake hapakuwekwa kitu.

Kitu chenyewe, yaani nondo ndani ya zege, kilikwisha kupatikana Ulaya. Mfaransa Monier alipata hataza yake mwaka 1867, naye mwenzake Mfaransa Hennebique mwaka 1892 akakamilisha mfumo wa zege lenye nondo. Zege huvumilia kubanwa, lakini likivutwa hupasuka. Likipasuka bila nondo za kutosha kuupokea mzigo huo, huvunjika ghafla. Ndiyo sababu ya kuwapo kiwango cha chini: nondo zinazotosha kuushika mzigo ufa unapotokea, ili nyumba itoe onyo kabla ya kuanguka. Kanuni ya Uingereza BS 8110 ya mwaka 1985, waliyosomea wahandisi wengi wa Tanzania, ilitaka asilimia 0.13 ya eneo la mkato wa zege kwa nondo ngumu. Kwa kanuni hiyo, slabu yenye unene wa milimita 150 inahitaji milimita mraba 195 kwa kila mita. Nondo za milimita 8 zikipangwa kila milimita 250 zinatosha.

Saruji ya kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, ilianza kutoka mwaka 1966, na zege likaenea. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, ambamo Karagwe imo, na kuua watu 17. Kuta nyingi zilizoanguka zilikuwa za tofali zilizoshikwa kwa udongo, bila mkanda wa zege. Hazikupungukiwa na hesabu ya mhandisi. Hazikuwa na nondo kabisa.

Kwa hiyo, unayejenga Kayanga, Karagwe, au Nkwenda, katika Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lenta isiishie juu ya milango na madirisha. Izunguke nyumba nzima, na uzihesabu nondo pamoja na fundi kabla zege halijamwagwa.