Bustani za Unguja na Soko la Darajani

Soko kuu la Darajani lilifunguliwa mwaka 1904, kando ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mahali pale palipata jina kutokana na daraja lililouvuka mkono huo, ambao baadaye ulifukiwa. Kwa miongo mingi mchicha, bamia na tungule za shamba zilipitia hapo kuingia majikoni mwa mjini.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya Serikali, na wakulima wengi waligawiwa eka tatu tatu. Eka hizo zilikuwa riziki na mtihani pia, kwa kuwa mwenye eka tatu hana pa kuhamia udongo unapochoka. Samadi, mboji, matandazo na kubadilisha mazao yalikuwa maarifa ya wazee kabla ya kuja mbolea za viwandani.

Mwaka 2007 Afrika Mashariki ilikubali kiwango kimoja cha kilimo hai, chenye alama ya Kilimohai. Hata hivyo, alama peke yake haileti riziki. Mboga za Unguja hushindana na zitokazo Bara, na mnunuzi hutazama bei kwanza. Asimamiaye shamba la namna hiyo hana budi kutunza kumbukumbu, kupanda kwa zamu ili mavuno yasikatike, na kutafuta wanunuzi mapema.

Torati iliamuru ardhi ipumzike mwaka wa saba. Basi, Usharika unaposhukuru katika Sikukuu ya Mavuno, na ukumbuke deni lake kwa udongo, na kwa jirani aulimaye, awe Mkristo au Mwislamu.